Uchungu Unaopita na Ukakasi Unaobaki: Kuonja Chai Mbichi ya Pu'er Ingali Changa

Anayeonja chai mbichi ya Pu'er ya China kwa mara ya kwanza, hasa ikiwa haijatimiza miaka mitatu tangu ichumwe, mara nyingi hukiweka kikombe chini baada ya mafunda mawili na kutamka neno moja: chungu. Hajakosea, lakini katika neno hilo amefunga pamoja mambo mawili yasiyo na asili moja na yasiyoondoka kinywani kwa mwendo mmoja. Asipoyatenganisha, chai hii itabaki kwake kuwa dawa ya kunywewa kwa kufumba macho, au anasa ya watu wanaojivunia kupenda kile kinachowashinda wengine. Kwangu mimi si dawa wala majivuno, na msomaji wa Kiswahili anayo tayari nyenzo ya kuielewa, kwa kuwa jambo la pili lina jina lake kamili katika lugha yetu. Jina hilo ni ukakasi.

Uchungu ni ladha. Ulimi na sehemu za nyuma za kinywa huupokea kama zinavyopokea chumvi au sukari, na katika chai unatokana hasa na kafeini pamoja na baadhi ya kemikali za jamii ya katekini. Ukakasi si ladha, bali ni hisia ya mguso. Mate yetu yana protini zinazofanya kinywa kiteleze. Polifenoli za chai, yaani kundi la kemikali ambamo katekini nazo zimo, zinapokutana na protini hizo huzishika na kuzikusanya, utelezi hupotea, na ulimi hukwaruza kaakaa kana kwamba umevishwa kitambaa. Aliyewahi kuuma bibo bichi au ndizi ambayo haijaiva anaifahamu hali hiyo vizuri, na anajua kwamba tunda lenyewe halikuwa chungu. Kwa upande mwingine, shubiri ni chungu kupita kiasi, lakini anayelamba shubiri halalamiki kwamba kinywa kimekauka na kukwaruza. Wanywaji wa chai wa China nao hutenganisha mambo haya kwa maneno mawili mafupi: uchungu ni ku, ukakasi ni se.

Lugha yetu imehifadhi ushahidi mwingine wa jambo hili. Chai isiyotiwa maziwa huitwa na wengi mkandaa, na mkandaa ni mti wa jamii ya mikoko ambao gome lake limetumika tangu zamani kutia rangi na kutengenezea ngozi. Kinachoigeuza ngozi ya mnyama kuwa ngozi ya viatu ni tanini za gome kushikamana na protini za ngozi, na huo ndio ushikamano uleule unaotokea kinywani kati ya polifenoli za chai na protini za mate. Sijui neno linaloieleza kemia ya chai kwa ukaribu zaidi ya hilo.

Kabla ya kuonja, ni lazima tuelewane kuhusu kinachoonjwa. Chai ya Pu'er hutoka katika mkoa wa Yunnan, kusini-magharibi mwa China, katika maeneo ya Xishuangbanna, Lincang na Pu'er, mji ambao ulijulikana kwa jina la Simao hadi mwaka 2007. Kiwango cha taifa cha China kilichotolewa mwaka 2008 kinataka chai yenye jina hilo iwe imetokana na mchai wa majani makubwa wa Yunnan, na majani yawe yamekaushwa kwa jua. Masharti yote mawili yana uzito, ila la jua ndilo linaloamua mambo mengi tutakayoyakuta kikombeni.

Jani likichumwa huachwa linyauke kidogo, kisha hukaangwa makavu ndani ya karai kubwa la chuma, mara nyingi juu ya moto wa kuni, ili joto lizime sehemu kubwa ya vimeng'enya ambavyo vingeligeuza jani kuwa jeusi. Baadaye hufikichwa mpaka utomvu utoke juu ya jani, halafu huanikwa juani. Chai ya kijani ya kawaida humalizwa kwa joto kali linalofunga kabisa mabadiliko. Jua la Yunnan halifungi. Sehemu ya vimeng'enya husalimika, vijidudu vya hewani hupata mahali pa kuishi, na jani huendelea kubadilika polepole kwa miaka mingi. Majani hayo makavu, yaitwayo maocha, hufukizwa kwa mvuke kwa muda mfupi na kushindiliwa. Umbo linalofahamika zaidi ni duara bapa la gramu 357, ambalo nitaliita mkate wa chai kama wazee wetu walivyosema mkate wa tumbaku. Mikate saba hufungwa pamoja kwa maganda makavu ya mwanzi, na furushi zima huwa na uzito unaokaribia kilo 2.5.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu iko chai mbichi ya Pu'er na iko chai mbivu ya Pu'er, na hiyo mbivu si mbichi iliyokaa sana. Njia ya kutengeneza mbivu ilikamilishwa mwaka 1973 katika kiwanda cha chai cha Kunming: maocha hulundikwa kwa wingi, hunyunyiziwa maji, hufunikwa, na huachwa yachemke kwa joto lake yenyewe kwa majuma kadhaa huku yakigeuzwa mara kwa mara. Kwa neno letu, chai hiyo huvundikwa, kama ndizi zinavyovundikwa. Matokeo yake ni kinywaji cheusi, laini, chenye harufu ya udongo wa msituni. Methali inasema mvumilivu hula mbivu, lakini kwa Pu'er mambo ni kinyume: mbivu ni ya yule aliyevundika, na mvumilivu hunywa mbichi iliyozeeka. Makala haya yanahusu mbichi ambayo bado haijazeeka, yaani ile ambayo polifenoli zake nyingi bado zipo kama zilivyotoka mtini, na ambayo kwa hiyo uchungu na ukakasi wake viko katika nguvu zake zote.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kushangaa kusikia kwamba jani hili si geni kwake. Mashamba ya Kericho, na yale ya Limuru ambako chai ilipandwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1903, yana michai ambayo kwa sehemu kubwa ni ya jamii ileile ya majani makubwa, iliyokuja kwa njia ya India. Tofauti iko kiwandani. Jani la Kericho hukatwa na kusagwa na mashine mpaka kuwa chembe, huachwa ligeuzwe na hewa hadi liwe jeusi, kisha hukaushwa kwa joto. Nyumbani tunalichemsha na maziwa na sukari. Protini za maziwa huzishika polifenoli kabla hazijazifikia protini za mate, na hivyo ukakasi hufia ndani ya sufuria. Hiyo ndiyo sababu mtu aliyekunywa chai maisha yake yote anaweza kukutana na Pu'er mbichi na kuona kwamba hajawahi kuonja chai kabla ya siku hiyo. Amezoea chai ambayo kazi ya kuituliza imekwisha fanywa na wengine. Hii inataka aifanye mwenyewe, kinywani mwake.

Sasa tuketi. Mbele yangu kuna mkate wa chai kutoka milima ya Bulang, kusini mwa Xishuangbanna karibu na mpaka wa Myanmar, uliochumwa majira ya kuchipua miaka miwili iliyopita. Ninaingiza kisu chembamba kisicho na makali ubavuni mwa mkate na kukiinua taratibu, ili majani yabanduke kwa tabaka badala ya kuvunjika. Majani yaliyovunjika hutoa kila kitu kwa pamoja na kuharibu hukumu. Chai ingeonekana kali kuliko ilivyo, na kosa lingekuwa la kisu. Napima gramu 7. Ninazitia katika gaiwani, yaani bakuli dogo la kauri lenye kifuniko, linaloingia mililita 110 hivi. Maji yamechemka kabisa.

Kuhusu maji kuna ubishi, nami nina upande. Wapo wanaoshauri kwamba chai changa inywewe kwa maji yaliyopoa kidogo, na ni kweli kwamba maji ya aina hiyo huvuta kafeini na katekini kidogo zaidi, kwa hiyo kikombe huwa kipole. Kwa anayetaka tu kuburudika sina neno. Lakini anayetaka kuijua chai, na zaidi anayetaka kuinunua, atumie maji yanayochemka, kwa sababu maji yaliyopoa huficha kasoro kwa ustadi uleule yanaoficha ukali.

Maji ya kwanza ni ya kuamsha majani. Humwagwa mara moja. Yanayofuata humiminwa baada ya sekunde 5 au 8, na kila mmimino unaofuata huongezewa muda kidogo. Tumezoea nazi, ambayo tui la kwanza ndilo zito na la pili ni jepesi, na ni rahisi kudhani kwamba chai nayo iko hivyo. Mkate ulioshindiliwa hauko hivyo. Majani bado yamekumbatiana, na maji ya kwanza na ya pili huosha juu juu tu. Ni kwenye maji ya tatu hadi ya tano ndipo jani hufunguka na kusema lililo nalo, na kwa sababu hiyo anayehukumu kwa kikombe cha kwanza huwa amehukumu vumbi la juu ya mkate.

Kikombe cha pili kina rangi ya mafuta ya ufuta. Chini ya kifuniko kuna harufu ya nyasi kavu, asali, na moshi hafifu wa kuni. Moshi huo hutokana na jiko la karai. Ukiwa mdogo hupungua kadiri miaka inavyopita, lakini ukitawala, maana yake mpishi wa jani hakuwa mwangalifu. Kikombe cha nne ndicho kilichonifanya niuchague mkate huu kuwa mfano. Uchungu unaingia mara moja, mpana, umeujaza ulimi wote, na kama ningelazimika kusema neno wakati huo ningesema ni mkali mno. Ninameza na kuhesabu kimyakimya. Nilipofika kama 15, uchungu ulianza kuyeyuka kuanzia ncha ya ulimi kurudi nyuma. Nilipofika 30 haukuwapo, na mahali pake palikuwa na utamu mwembamba uliopanda kutoka kooni. Nikanywa funda moja la maji matupu, nalo likawa tamu. Ukakasi ulikuwapo, umekaa kwenye fizi na mashavuni, ila mate yalikuja mengi na kuuosha kabla sijamimina tena.

Utamu huo unaorejea ndio Wachina wanauita huigani, na ndio ulio kiini cha kuonja chai changa. Haumo ndani ya kikombe kama sukari ilivyo ndani ya soda. Kwa sehemu kubwa ni matokeo ya kinywa kutoka katika uchungu, hali inayoufanya ulimi uyasome hata maji matupu kuwa matamu. Pwani yetu ina desturi inayokaribiana na jambo hili: kahawa chungu hunywewa katika vikombe vidogo visivyo na mkono, na kashata au tende huwa pembeni, ili uchungu na utamu vipokezane zamu. Tofauti ni kwamba katika Pu'er hakuna kashata. Chai yenyewe huleta uchungu, na kinywa chenyewe hujibu kwa utamu. Chai isiyopata jibu hilo ina uchungu tu.

Kwa hiyo swali la kuuliza si chai hii ni chungu kiasi gani, bali uchungu wake unakwenda wapi, na kwa muda gani. Na ukakasi huulizwa swali lake peke yake. Siku chache baada ya mkate ule nilionja mwingine, wa majani yaliyochumwa wakati wa mvua kubwa katika shamba la michai iliyobanana. Ulimini haukuwa mchungu hata nusu ya ule wa Bulang, na mgeni angeuita mpole. Lakini ukakasi wake ulishuka kama vumbi la chaki kati ya ulimi na kaakaa, mate hayakuja, utamu haukurejea, na mpaka nilipokula chakula cha mchana bado nilikuwa nikiusugua ulimi kwenye meno. Kati ya mikate hiyo miwili, mpole ndio mbovu. Anayetumia neno "chungu" kwa yote mawili hana namna ya kulisema hilo.

Milima nayo hutofautiana. Yiwu, upande wa mashariki wa Xishuangbanna, husifiwa kwa chai laini yenye harufu ya asali ambayo nguvu yake hukaa zaidi kooni kuliko ulimini. Jingmai, ambako misitu mikongwe ya chai inayotunzwa na watu wa makabila ya Wabulang na Wadai iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2023, hujulikana kwa harufu ya maua inayokaa hata kwenye kikombe kitupu, pamoja na ukakasi usiojificha. Bingdao ya Lincang hutajwa kwa utamu unaotangulia uchungu. Na juu ya milima ileile ya Bulang kuna kijiji cha Lao Man'e, ambacho wenyeji wake hutofautisha michai mitamu na michai michungu, na hiyo michungu ina uchungu ambao hata wanywaji wazoefu huuheshimu. Ningependa kila anayejifunza aionje mara moja, ajue mpaka wa juu uko wapi.

Hata hivyo, majina ya milima yasitangulie ulimi. Lao Banzhang, jirani wa Lao Man'e, limekuwa jina la bei kubwa kiasi kwamba linaandikwa kwenye karatasi za mikate mingi ambayo haikupata kukaribia kijiji hicho. Vivyo hivyo neno gushu, yaani miti ya kale, huandikwa kwa wepesi mno. Mwaka 2007 soko la Pu'er lilipanda kwa pupa na kisha likaanguka, na waliobaki na maghala yaliyojaa ni wale walionunua karatasi badala ya chai. Zipo pia chai zisizodai mlima wowote, bali hujengwa kwa kuchanganya majani. Mfano maarufu ni 7542 ya kiwanda cha Menghai: tarakimu 75 ni mwaka 1975 ambao mchanganyiko huo ulibuniwa, 4 ni daraja la ukubwa wa jani, na 2 ni namba ya kiwanda. Ikiwa changa ni kavu na yenye makali, wala haijifanyi kuwa nyingine. Kwa anayeanza ni mwalimu mzuri, kwa kuwa imetengenezwa kwa miaka mingi na inaweza kulinganishwa mwaka kwa mwaka.

Udanganyifu ulio mgumu zaidi kuutambua huja kwa sura ya uzuri. Baadhi ya watengenezaji hukaanga jani kwa joto kali zaidi, au hulikausha kwenye tanuri badala ya jua, na chai inayopatikana ina harufu ya juu, rangi ya kijani inayong'aa, na karibu haina uchungu. Mnunuzi huipenda papo hapo. Lakini kufikia maji ya tano harufu imekwisha, na chini yake hakuna kitu. Kikombe kimekuwa maji ya moto yenye rangi. Kitu kilichopaswa kubaki hai kwa ajili ya miaka ijayo kimeuawa, na chai ya namna hiyo haina safari ya uzee mbele yake. Ninalisema hili kwa uchungu, kwa sababu ni jani zuri lililopotezwa ili kumridhisha mtu kwa dakika 10 dukani. Anayetilia shaka na aache gaiwani moja ikae dakika 5 nzima, kisha aonje. Ni kikombe kigumu, ila hakuna kasoro inayoweza kujificha ndani yake.

Mwisho wa kikao hutazamwa majani yaliyolowa. Hufunguliwa kwa vidole juu ya kisahani. Jani zuri hunyooka, hunesanesa likivutwa, na kikonyo chake hukunjika bila kukatika. Madoa meusi kwenye kingo ni alama ya karai lililounguza. Wekundu mwingi kwenye vikonyo na mishipa huonyesha kwamba jani lilichelewa kufika motoni au halikupata joto la kutosha. Majani hayo hueleza yale ambayo kikombe kilikuwa kikidokeza.

Mambo mawili ya tahadhari yasisahauliwe. Chai hii changa isinywewe tumbo likiwa tupu. Nguvu yake huweza kuleta kichefuchefu na kutetemeka mikono, hali ambayo Wachina huiita kulewa chai, na tiba yake ni kupumzika na kula. La pili ni mahali pa kuihifadhi. Mkate wa chai huvuta kila harufu iliyo karibu. Niliwahi kuuweka mmoja kwenye kabati ambalo chini yake kulikuwa na kopo la karafuu, na baada ya miezi mitatu sikuweza tena kusema chai hiyo ilitoka mlima gani. Hewa yenye joto na unyevu, kama ya Guangdong na Hong Kong, huharakisha uzee wa chai, na hewa kavu ya Kunming huuchelewesha; lakini unyevu ukizidi, ukungu huota, na chai iliyoota ukungu hutupwa.

Mkate uliotoka kushindiliwa nao usihukumiwe haraka. Mvuke wa kiwandani huacha ladha ya maji ndani yake, ladha iliyofifia kama ya chai iliyomwagiwa maji baridi, na inahitaji miezi kadhaa kuondoka. Mimi huandika kwa penseli ndani ya karatasi ya mkate tarehe niliyoonja, hesabu ambayo uchungu ulianza kuyeyuka, na mahali ambapo ukakasi ulikaa. Kwenye ule wa Bulang nimeandika: 15, fizi na mashavu, maji ya nne. Nitaufungua tena baada ya mwaka mmoja, kwa gramu zilezile na bakuli lilelile, nihesabu upya.